Flashi ya kuhifadhi picha kiotomatiki: ununue au uache?

Mteja anaingia ofisini kwangu Kirumba, Mwanza, hajakaa hata kwenye kiti, ananigeuzia simu nione tangazo: kiflashi cha ukubwa wa kidole gumba, bei kwa dola, na ahadi kwamba ukikichomeka tu kinaokota picha zako zote chenyewe. "Kaka, hiki kitu ni cha kweli au tunapigwa?"

Ni cha kweli. Ila kwa wengi wanaoniuliza hakifikii thamani ya bei yake, na kwa wachache kinaifikia. Mimi napiga picha za harusi, sendofu na vipaimara, na katikati ya wiki nahamisha picha za watu kutoka kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka, kwa hiyo kutunza picha ndiko kunakonilisha. Pitia hatua hizi kwanza, ndipo utoe pesa.

Hatua ya 1: Jua unauziwa nini

Mojawapo ya zinazotangazwa sana ni ThePhotoStick. Picture Keeper ni ya ukoo huohuo, na SanDisk wana iXpand kwa watu wa iPhone. Ndani ya zote hizo kuna chipu ya kumbukumbu kama iliyomo kwenye flashi ya kawaida unayonunua mjini. Kilichoongezwa ni programu. Unaichomeka, unafungua programu, inapekua simu au kompyuta ikitafuta mafaili ya picha na video, inaruka yale iliyokwisha kuyakopi, inakopi yaliyobaki. Basi. Unalipia chipu mara moja na urahisi mara kadhaa.

Na hakuna kinachokopiwa mpaka uichomeke mwenyewe. Simu ikikuponyoka mkononi ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, na flashi uliichomeka mara ya mwisho mwezi uliopita, picha za mwezi mzima zimebaki chini ya ziwa. Google Photos, programu ya Google ya kutunza picha mtandaoni, ikiwa imewashwa inapandisha picha bila wewe kukumbuka chochote, mradi bando lipo. Upande huo flashi haiigusi, hata iwe na jina gani.

Hatua ya 2: Tafuta picha zako zilipo hasa

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na hapa ndipo flashi ya kiotomatiki inaweza kukupa matumaini ya uongo. Inakwambia imemaliza, wewe unafuta simu, kumbe nusu ya picha haikuziona.

Kwenye Android picha za kamera ziko kwenye folda ya DCIM, ndani yake Camera. Hizo kila programu inazipata. Za WhatsApp ziko mbali zaidi: fungua Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, mwisho WhatsApp Images. Ulizotuma wewe zimo kwenye folda ndogo ya Sent humohumo. Picha za mtoto ulizotumiwa na bibi yake kutoka Nansio zimekaa huko, na programu inayokagua picha za kamera pekee itazipita. Jambo lingine: picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imekwisha kubanwa. Ukitaka ile halisi, mwambie aliyeipiga akutumie kama dokumenti.

Kwenye iPhone ingia Settings, gusa jina lako, iCloud, kisha Photos. Ukikuta imechaguliwa Optimize iPhone Storage, ujue simu inaweza kuwa imebaki na vivuli vidogo tu vya picha zako za zamani, huku zenyewe ziko iCloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Kabla ya kuhamisha, chagua Download and Keep Originals, tafuta Wi-Fi ya maana, na uiache simu kwenye chaja hadi zishuke zote. Nafasi isipotosha, usiendelee kwa simu. Ingia iCloud kupitia kompyuta uzishushe huko.

Google Photos nayo ina kitufe cha Free up space. Kama uliwahi kukibonyeza, picha zilizokuwa zimepandishwa zilifutwa kwenye simu na sasa ziko mtandaoni peke yake. Unaziona ukiwa na bando, ukidhani unazo mfukoni. Flashi haiwezi kukopi kitu ambacho simu haina.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ukubwa

Picha ya simu ya kawaida ni kama MB 2 hadi 5. Kwa wastani wa MB 3, flashi ya GB 64 inabeba karibu picha 20,000. Kinachokula nafasi ni video. Kwa makadirio ya Apple wenyewe, dakika moja ya video ya 4K ya kawaida (ubora wa juu sana) kwenye iPhone ni kama MB 170, na ya 1080p (ubora wa chini yake) ni kama MB 60. Mtu aliyerekodi sendofu nzima kwa 4K asinunue GB 64.

Ukichomeka flashi ya GB 64 kwenye Windows utaona imeandikwa karibu GB 59. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Hatua ya 4: Tundu la simu

Android nyingi za sasa ni Type-C, za zamani ni micro-USB. iPhone kuanzia 15, iliyotoka 2023, nazo ni Type-C. Za nyuma yake ni Lightning. Nunua flashi ya kawaida yenye vichwa viwili, cha Type-C na cha kompyuta, au adapta ya OTG (kiunganishi cha kuchomekea flashi kwenye simu) kama flashi unayo tayari. Tangu iOS 13 (mfumo unaoendesha iPhone), iPhone inaifungua flashi ya kawaida kupitia programu ya Files bila kununua flashi ya pekee, ila yenye tundu la Lightning inahitaji adapta.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla hujaiamini

Usiruke hatua hii hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Flashi feki zimejaa, na feki zenyewe zina akili. Ndani kuna chipu ya GB 8, lakini kidhibiti chake kimefundishwa kusema ni 1TB, yaani kama GB 1,000. Ukiichomeka, kompyuta inakubali: 1TB. Ukianza kujaza, zile GB 8 za kwanza zinakaa vizuri. Baada ya hapo majina ya mafaili yanaonekana, ukubwa unaonekana, tarehe inaonekana, ila ukifungua hamna kitu. Unagundua siku ambayo simu imekwisha kufutwa.

Kwenye Windows tumia programu ya bure iitwayo H2testw. Inaijaza flashi mpaka mwisho kisha inasoma ilichoandika na kulinganisha. Kwenye Linux na Mac kuna F3, kazi ileile. Flashi ya USB 2.0 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujaa GB 64, halafu iongeze muda wa kusoma. Iwashe, nenda kale ugali na sangara, rudi.

Huna kompyuta? Chukua video moja kubwa, ikopi kwenye flashi mara nyingi kwa majina tofauti mpaka ijae. Chomoa, chomeka tena, halafu fungua video za mwanzo, za katikati na za mwisho mwisho na uzipeleke katikati na ukingoni. Zikicheza zote, yaelekea flashi ni nzima. Zikigoma, irudishe leo, usingoje kesho.

Jaribio hili lifanye pia kwa flashi ya kiotomatiki. Zenye majina ya kuigiza ni nyingi, na programu nzuri juu ya chipu ya uongo ni mabati mapya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa.

Hatua ya 6: Ifomati kwa exFAT

Baadhi ya flashi zinakuja na FAT32, mpangilio wa mafaili ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Video ndefu ya harusi itakataa katikati na utadhani flashi imeharibika. Kwenye kompyuta bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Format, kisha exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho. Fanya hivi ikiwa bado tupu, kwa sababu kufomati kunafuta kila kitu. Kama umenunua ya kiotomatiki, usiifomati: programu yake mara nyingi imo ndani ya flashi yenyewe.

Hatua ya 7: Kopi kwa mkono wako

Kwenye Android fungua Files by Google, chagua folda ya Camera, kisha Copy to, kisha flashi. Sema Copy, usiseme Move. Move inafuta kwenye simu kadiri inavyohamisha, na flashi ikilegea tunduni katikati ya kazi unabaki na vipande. Rudia kwa folda ya WhatsApp. Kwenye iPhone chagua picha, bonyeza kushirikisha, Save to Files, chagua flashi. Zigawe kwa mafungu ya mia chache, ukichagua elfu kadhaa kwa mpigo simu inaweza kuganda.

Wenye kompyuta, FreeFileSync ni ya bure na inafanya karibu yote yanayofanywa na zile flashi za bei: inalinganisha folda mbili na kukopi mapya tu. Chagua Update. Usichague Mirror, maana Mirror inafuta kwenye flashi chochote ulichokifuta kwenye kompyuta, na hapo nakala yako inakufa pamoja na mama yake.

Ukimaliza, hesabu. Folda ya simu ina mafaili 3,412, ya flashi iwe na 3,412. Fungua chache za mwanzo, za katikati, za mwisho. Toa flashi kwa Eject, usiinyofoe. Kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) na umeme wa mtaa wenu unacheza, fanya kazi hii kwa laptopu yenye chaji. Umeme ukikatika flashi ikiwa inaandika, unaweza kupoteza hata yaliyokuwemo.

Hatua ya 8: Nakala ya pili, na mahali pake

Flashi moja si hifadhi. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae mbali na nyumbani. Kwa familia ya kawaida hapa Mwanza naipunguza hivi: simu, flashi au diski ngumu (hard disk) nyumbani, na zile za thamani zaidi kwenye Google. Google wanatoa GB 15 bure, zikigawanywa na barua pepe zako. Tangu tarehe 1 Juni 2021 hakuna tena picha za bure bila kikomo. GB 15 hazitoshi maisha yote, lakini zinatosha ubatizo, harusi na picha ya mwisho ya babu.

Flashi ya pili ipeleke kwa ndugu. Ukiwa Igoma na dada yako yuko Sengerema, mbadilishane. Usiweke mbili kwenye mkoba mmoja, kibaka haachi moja. Na kila baada ya miaka michache zikopi upya kwenye flashi mpya, kwa kuwa chipu hizi zinashikilia data kwa chaji za umeme na chaji hizo huvuja polepole zikikaa kwenye droo.

Halafu kuna steshenari. Flashi ya picha isiingie steshenari kamwe. Unakwenda kuprinti picha mbili za pasipoti, unarudi nyumbani folda zote zimegeuka shotikati. Ikishatokea, usifomati: mara nyingi virusi wameficha folda tu, picha zipo. Iskani kwa antivirusi kwenye kompyuta safi, washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, zikopi picha kwingine. Kwa kuprinti weka flashi ndogo ya GB 4 ambayo hata ikifa hulii.

Sasa, nani anunue?

Kuna mama mmoja anauza dagaa pale Mwaloni. Wanawe wako Dar na Kahama, wajukuu wanatumwa kwa picha kila siku, simu yake ni iPhone ya zamani ya Lightning aliyoachiwa na binti. Nilimweleza habari za folda akanikatiza: "Mwanangu, hizo folda mimi siziwezi. Nipe cha kuchomeka." Nikamwambia, "Sawa mama, wewe kanunue." Flashi yenye kichwa cha Lightning na programu yake, kama iXpand, inamfaa kuliko mafundisho yangu yote, mradi tumeijaribu, na za WhatsApp ameziwashia zijihifadhi kwenye Photos ili programu izione.

Wa pili ni mtu mwenye kompyuta ya miaka kumi, picha zimetawanyika kwenye Desktop, Downloads na folda zisizo na majina, na hana saa ya kuzitafuta. Hapo upekuzi wa ThePhotoStick unaokoa wikendi nzima.

Wewe mwenye Android, unayejua kukopi faili, acha. Pesa ileile inunue flashi mbili za kawaida za GB 128 kutoka duka linalotoa risiti. Kabla hujalipa muulize muuzaji: "Nikiijaribu ikakataa kujaa, narudisha?" Akianza kuzungukazunguka, vuka barabara uende duka la pili.