Unataka kufunga flati kwenye besi? Anza na mkazo

Wengi wakitaka flatwaundi (flati), zile nyuzi za gitaa la besi zilizozungushiwa waya bapa, wanauliza kampuni gani nzuri, mi nasema uliza kwanza mkazo, yaani uzi unavuta shingo kwa nguvu gani na kidole kitausikia mgumu au laini. Flati bei yake imesimama na ni nyuzi za kukaa miaka, James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown kule Marekani, alikuwa habadilishi mpaka uzi ukatike, kwa hiyo ukichagua vibaya utateseka nazo sana.

Namba za kwenye paketi, yaani unene wa uzi mwembamba mpaka mnene kwa sehemu za elfu za inchi, hazitoshi kabisa. Thomastik-Infeld Jazz Flats za Austria, seti ya JF344, ni 43 mpaka 100 na ni laini mno, halafu D'Addario Chromes za 45 mpaka 100 unene ni karibu uleule ila mkononi ngumu zaidi, kwa sababu mkazo unatokana na uzito wa uzi mzima, waya wa ndani pamoja na ule uliozungushiwa juu, sio unene peke yake. La Bella za 52 mpaka 110, zile nzito alizopiga Jamerson, usizikimbilie kama vidole bado havijakomaa, anza na 45 mpaka 105.

Kwa toni, Chromes ndo zinang'aa zaidi, La Bella ina ule mdundo mnene wa zamani. Kwenye rumba au dansi ambako magitaa mawili matatu yanalia juu mi napenda flati kuliko kitu chochote, besi inakaa chini yake haigombani na mtu, ila kama kazi yako ni slapu, kule kuzigonga nyuzi kwa dole gumba, baki na raundi, nyuzi za kawaida zenye waya wa mviringo. Na sio za muziki wa taratibu tu, Steve Harris, mpiga besi wa bendi ya metali ya Iron Maiden, anapiga flati za Rotosound!

Kabla hujalipa pima urefu wa skeli, yaani toka nati (kile kipande chenye mifereji juu ya shingo) mpaka daraja, inchi 34 au 30, maana za 34 kwenye besi fupi sehemu nene inaweza kufika kwenye kigingi cha kukazia uzi na ikikunjwa pale inaharibika. Nyuzi nzito pia zinaweza zisiingie kwenye nati, fundi ataitanua kidogo na kurekebisha shingo. Ukifunga, kunja uzi kona kali kwanza ndo ukate, ukikata kabla waya wa nje unaweza kufumuka. Zikiwa mpya sauti itang'aa kuliko ulivyotegemea, zipige wiki kadhaa ndo uamue.