Kuziba Mishono na Kuandaa Modeli Kubwa ya Ndege Kabla ya Kupaka Rangi

Katika modeli ndogo ya plastiki, mshono (mstari wa kukutana kwa vipande viwili) uliobaki mgongoni mwa ndege unaweza kufunikwa na rangi na mtazamaji asiuone, lakini modeli inapokuwa kubwa kila kasoro hukua pamoja nayo. Douglas DC-3, ambayo wengi huiita Dakota, ina mabawa yenye upana wa mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Ikipunguzwa kwa skeli ya 1/48 inabaki na upana wa sentimita 60 hivi na urefu unaozidi sentimita 40. Nimeichukua ndege hii iwe mfano wa mwongozo wangu kwa sababu ilitumiwa na East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946 na kufungwa mwaka 1977, na kwa sababu Dakota nyingi za abiria ziliachwa na alumini yake bila kupakwa rangi sehemu kubwa ya mwili. Rangi ya fedha haifichi kitu: mkwaruzo ambao kijani cha kijeshi kingeumeza hung'aa wazi chini ya fedha. Anayeweza kuandaa modeli kwa ajili ya fedha anaweza kuiandaa kwa rangi yoyote.

Jambo ninalotaka lieleweke mapema ni kwamba mshono mzuri hutengenezwa wakati wa kugundisha. Puti huja baadaye kurekebisha pale gundi iliposhindwa, na kadiri unavyoihitaji kidogo ndivyo modeli inavyokuwa safi zaidi.

Hatua ya kwanza: kuamua mshono upi uzibwe

Usishike msasa kabla hujazitazama picha za ndege halisi. Kiwiliwili cha modeli huja katika nusu mbili, kushoto na kulia, na mstari wa kukutana kwake hupita katikati ya mgongo na tumbo kuanzia puani hadi mkiani. Kwenye ndege halisi mstari huo haupo, kwa hiyo lazima upotee kabisa. Vivyo hivyo kwa ukingo wa mbele wa bawa, pale kipande cha juu kinapokutana na cha chini. Kuna mistari mingine, hata hivyo, ambayo ukiiziba utakuwa umeharibu. Mabawa ya nje ya Dakota yalifungwa kwa bolti kwenye sehemu ya katikati, nje kidogo ya injini, na ungio hilo linaonekana wazi, liache. Nafasi kati ya bawa na sehemu zake zinazopinda, pamoja na usukani wa mkiani, nazo ni za kweli. Sehemu hizo zinazopinda zilifunikwa kwa kitambaa, na watengenezaji wa modeli huzichonga mbavu hafifu chini ya kitambaa hicho, kwa hivyo msasa ukipita juu yake mara chache tu mbavu zimekwisha. Mimi huzifunika kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi tangu siku ya kwanza.

Hatua ya pili: kugundisha

Tandaza msasa namba 320 juu ya kioo, kisha sugua kingo za kila nusu ya kiwiliwili kwa mwendo mwepesi wa mviringo hadi kingo yote iwe na rangi moja ya ukungu. Mahali panapobaki pakimeta ni bonde ambalo halijaguswa, na hapo ndipo ufa ungetokea. Usizidishe, maana ukila kingo sana kiwiliwili kitakuwa chembamba na mabawa hayataingia vizuri.

Modeli kubwa ina udhaifu ambao ndogo haina: kuta zake ni ndefu na nyembamba, hupinda unapoishika, na mshono uliozibwa vizuri hupasuka tena baada ya rangi kukauka. Dawa yake ni kubandika vipande vya plastiki ndani ya nusu moja, kila baada ya sentimita tatu au nne, vikiwa vimetokeza nusu ya upana wake ili nusu ya pili ivikalie. Plastiki ya modeli ni polistaireni, na polistaireni hushikana na ndugu yake. Kwa hiyo vikombe vya mtindi na vifuniko vyenye alama ya pembetatu na namba 6 vinafaa kabisa, na havihitaji kuagizwa kutoka mbali.

Tumia gundi nyepesi ya modeli inayoyeyusha plastiki. Kutanisha nusu mbili, gusisha brashi kwenye mstari, na gundi itajivuta yenyewe ndani. Subiri kidogo, kisha bana kwa vidole hadi uone uzi mwembamba wa plastiki laini ukichungulia nje ya mstari. Uzi huo usiufute. Ni plastiki ileile ya modeli, utakuwa na ugumu uleule, na hakuna puti ya dukani itakayoushinda. Endelea hivyo kwa sentimita tano tano, ukifunga kila sehemu kwa tepu kabla ya kusogea mbele, halafu weka modeli kando kwa siku mbili au tatu. Plastiki iliyoyeyuka huendelea kusinyaa kwa muda baada ya kuonekana imekauka, na anayeisugua mapema huona mfereji ukijitokeza chini ya rangi.

Hatua ya tatu: kukwangua na kupiga msasa

Anza kwa kisu, si kwa msasa. Shika ubapa wa kisu wima juu ya mshono na uuvute kuelekea kwako, ukikwangua uzi wa plastiki hadi ukaribie usawa wa kiwiliwili. Kisha chukua msasa wa maji, ule unaouzwa kwenye maduka ya rangi za magari, kuanzia namba 400, halafu 600, halafu 1000. Usiutumie kwa kidole kitupu: kidole ni laini, huzama katikati ya mshono na kuacha bonde. Kwa mgongo wa mviringo hakuna egemeo ninalolipenda kuliko kipande cha kandambili iliyochakaa kilichokatwa kwa ukubwa wa kifutio, kwa kuwa hupinda kufuata umbo bila kuzama. Kwa pembe finyu kati ya bawa na injini, tupa za kucha zinazouzwa kwenye maduka ya vipodozi hufanya kazi vizuri.

Maji hupunguza joto na kuzuia vumbi lisijaze msasa, lakini huingia ndani kupitia madirisha, kwa hiyo ziba madirisha yote kwa karatasi laini kabla ya kuanza. Sugua kwa kukata mshono kimshazari, wala usifuate urefu wake. Kila baada ya muda futa, kausha, na ulaze tochi ya simu karibu kabisa na uso wa plastiki ili mwanga upite ubavuni. Kivuli kidogo kitakuonyesha ufa ambao mwanga wa juu hauonyeshi. Pitisha ukucha pia. Ukucha ukikwama, bado.

Hatua ya nne: kuziba kilichobaki

Uchaguzi wa kizibio hutegemea ukubwa na mahali pa ufa.

Ufa mwembamba kama uzi uzibwe kwa supaglu, tone moja kwenye ncha ya sindano. Supaglu haisinyai, na inaweza kuchorwa mistari juu yake. Hukauka kwa kukutana na unyevu, kwa hiyo kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hushika upesi, hasa majira ya masika. Upesi huo una gharama: ikiachwa usiku kucha huwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa hula plastiki pembeni huku ikibaki kichuguu katikati. Isugue ndani ya saa moja hivi. Mvuke wake pia huacha weupe kwenye plastiki angavu, ndiyo maana vioo vya madirisha na vya chumba cha rubani huwekwa baada ya kazi yote ya supaglu kwisha, na huwekwa kwa gundi nyeupe ya mbao.

Ufa mpana hujazwa vizuri kwa uji wa plastiki. Katakata vipande vidogo vya fremu iliyobeba sehemu za modeli, vitie kwenye chupa ya gundi ya modeli iliyobaki robo, funga, na uache usiku mmoja. Utapata uji mzito unaopakwa kwa kijiti. Uji huu hula plastiki na kushikamana nayo, kwa hiyo paka kidogo kidogo na uupe siku kadhaa, maana ukijazwa kwa wingi unaweza kulainisha ukuta wote na kuukunja.

Puti ya magari inayochanganywa na hadina (kemikali ya kuigandisha) inafaa kwa mabonde makubwa, kwa sababu hukauka kwa mchanganyiko wake na hivyo husinyaa kidogo sana. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu. Puti ya ukutani iache kwa mafundi wa nyumba. Ni ya chokaa, haishiki plastiki, na hubanduka pamoja na tepu.

Pale ambapo msasa haufiki, kama kwenye mkunjo mpana ambapo bawa la Dakota linaungana na kiwiliwili, tumia puti ya maji ya modeli. Ijaze kwenye ufa, kisha pitisha kijiti cha pamba kilicholowa. Ziada yote itafutika na ufa utabaki umejaa bila kugusa ribiti za pembeni.

Hatua ya tano: kurudisha kilichofutika

Modeli za zamani, ikiwemo Dakota ya kampuni ya Monogram ya skeli hii, zina mistari ya paneli (inayoonyesha mabati ya ndege yanapokutana) iliyoinuka, na msasa huifuta bila huruma. Namna ya kuirudisha ni hii: pasha kipande cha fremu juu ya mshumaa bila kukigusisha moto, na kikianza kulegea na kumeta, kitoe pembeni na uvute ncha mbili kwa mwendo mmoja usiokatika. Utapata uzi wa plastiki mwembamba kama unywele. Ulaze pale mstari ulipokatika, uguse kwa brashi yenye gundi nyepesi, na ukikauka uupunguze kwa msasa namba 1000 hadi ulingane na mstari wa jirani.

Kama mistari ya modeli yako ni ya kuchimbwa, bandika tepu ngumu iwe rula, na uchore kwa sindano iliyofungwa kwenye kishikio. Mara ya kwanza usikandamize kabisa. Acha uzito wa sindano peke yake ufungue njia, kisha rudia mara nyingi. Anayekandamiza tangu mwanzo huteleza.

Hatua ya sita: kuosha

Osha modeli kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukipitisha mswaki laini kwenye kila mstari, kisha suuza na uache ikauke hadi kesho yake. Ifute kwa spiriti. Kuanzia hapo ishike kwa glavu.

Hatua ya saba: praima

Praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, ndiyo mkaguzi. Vaa barakoa ya kemikali, fungua madirisha, na usitumie thina ya magari moja kwa moja kwenye plastiki, kwani huiyeyusha. Hata praima ya magari ya kopo la kupuliza ijaribiwe kwenye fremu kwanza.

Hapa Mwanza saa ya kupuliza ni muhimu kuliko aina ya praima. Alfajiri hewa imejaa unyevu, na thina inapokauka haraka hupoza uso wa modeli hadi maji ya hewani yatue juu yake, ndipo rangi inapokuwa na ukungu mweupe. Alasiri upepo wa ziwani huleta vumbi. Usiku wadudu wadogo wa ziwani hupanda kama moshi na kufuata taa, na mmoja tu akitua kwenye praima mbichi, miguu yake hubaki humo. Mimi hupuliza kati ya saa nne na saa sita mchana, siku isiyo na mvua, na kuifunika modeli kwa boksi kubwa mara tu uso unapoacha kunata.

Puliza matabaka mawili membamba. Yakikauka, rudia ukaguzi wa tochi, na kila kasoro izungushie duara kwa penseli ili usiitafute tena. Zijaze, zisugue, na puliza mahali hapo tu. Unapodhani mishono yote imekwisha, pitisha rangi ya fedha ya bei nafuu mgongoni na kwenye kingo za mbele za mabawa pekee. Itafichua yale ambayo kijivu kiliyaficha. Kwa Dakota ya alumini, malizia kwa msasa namba 2000 wenye maji, kisha tabaka jembamba la nyeusi inayong'aa, kwa kuwa rangi za metali za aina ya Alclad huchukua mng'ao wake kutoka kwenye kilicho chini. Nyeusi hiyo iache ikomae siku mbili kabla ya kuibandika tepu, na tepu yenyewe uipunguze nguvu kwa kuibandika kwanza kwenye kiganja.