Derivativu za sehemu: uliza kwanza ni nini kimeshikwa

Kama umemaliza Senior 6 na unaweza kutafuta derivativu ya x³ au ya sin x, karibu kila unachohitaji unacho tayari. Derivativu ya sehemu ni derivativu ya fomula yenye herufi zaidi ya moja: herufi moja inabadilika, nyingine zimeshikwa, yaani haziruhusiwi kubadilika. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni huangukia mahali pamoja: hawajiulizi kipi kimeshikwa wakati kingine kinabadilika.

Tutumie pipa la mabati, kama yale wanayotengeneza mafundi wa Katwe pale Kampala. Nusukipenyo r = sm 30, kimo h = sm 80. Ujazo ni V = πr²h, yaani lita 226 hivi.

Hatua ya 1: Kalamu mbili

Andika fomula kwa bluu, kisha pitia kwa nyekundu kila herufi iliyoshikwa. Nyekundu maana yake ni namba ya kawaida, kama 7. Kalamu mbili zinatosha, na ni bora kuliko programu yoyote ya simu unapoanza, kwa sababu programu itakupa jibu bila kukuuliza umeshika nini.

Hatua ya 2: Tafuta derivativu

Derivativu ya sehemu ya V kwa r huandikwa ∂V/∂r, kwa ∂ badala ya d. h ikishikwa: ∂V/∂r = 2πrh. r ikishikwa: ∂V/∂h = πr². Kwa pipa letu, kila sentimita moja ya r inaongeza lita 15.1 hivi, na kila sentimita ya kimo inaongeza lita 2.8 tu. Fundi akikosea sentimita moja kwenye r, amekosea zaidi ya mara tano ya yule aliyekosea sentimita moja kwenye kimo.

Sasa fomula ngumu kidogo: f = 3x²y + x sin(xy).

∂f/∂x = 6xy + sin(xy) + xy cos(xy)
∂f/∂y = 3x² + x² cos(xy)

Kosa la kila siku ni kuandika 6x badala ya 6xy. Kilichoshikwa kikiwa kimejumlishwa peke yake, kinatoweka. Kikiwa kimezidishwa na kinachobadilika, kinabaki palepale. Na ndani ya sin(xy) usisahau kanuni ya mnyororo: y ndiyo inayotoka nje unapotafuta kwa x, na x inatoka unapotafuta kwa y.

Hatua ya 3: Kagua kwa kikokotoo

Kitufe cha d/dx kwenye Casio fx-991ES kinashughulika na X peke yake, kwa hiyo kilichoshikwa kiingize kama namba. Kukagua ∂f/∂y pale x = 1, y = 2, andika 3X + sin(X) (hapa X inasimama badala ya y) na uombe derivativu X ikiwa 2. Jibu ni 2.584. Ukipata 3.017, kikokotoo kiko kwenye digrii. Kiweke kwenye radiani.

Hatua ya 4: Ni nini hasa kimeshikwa?

Hapa usiharakishe. Fundi ana bati moja la ubavuni, eneo lake A = 2πrh, na halitaongezeka. Anauliza: nikipanua r kwa sentimita moja, ujazo utaongezeka kiasi gani? Wengi watajibu lita 15.1, na watakuwa wamekosea. Lita 15.1 ni pale h inaposhikwa, na h ikishikwa lazima bati liongezwe. Bati likiwa ni lile lile, pipa likinenepa linafupika.

Andika ujazo upya kwa r na A: V = rA/2. Sasa ∂V/∂r = A/2 = πrh. Ni nusu kamili ya jibu la kwanza, lita 7.5 hivi kwa sentimita.

Alama ∂V/∂r ni ile ile, pipa ni lile lile, majibu mawili tofauti, na yote ni sahihi. Ndiyo maana alama tupu haitoshi. Weka mabano na uandike chini yake kilichoshikwa: (∂V/∂r)ₕ kwa swali la kwanza, (∂V/∂r) yenye A chini kwa la pili. Fanya hivyo hata kama mwalimu hafanyi.

Kanuni ya mnyororo inaunganisha majibu hayo mawili. A ikishikwa, h = A/(2πr), hivyo h inapungua kwa h/r, yaani sm 2.67 hivi kwa kila sentimita ya r:

2πrh + πr² × (−h/r) = 2πrh − πrh = πrh

Kipande cha kwanza ni faida ya kupanua. Cha pili ni hasara ya kufupika. Ukisahau cha pili, ndipo unapopata lita 15.1.

Mtego mwingine unatoka hapo hapo: usikate ∂ na ∂ kama sehemu za kawaida. Chukua ∂V/∂r (h imeshikwa), ∂r/∂h (V imeshikwa) na ∂h/∂V (r imeshikwa). Zizidishe:

2πrh × (−r/2h) × 1/(πr²) = −1

Anayekata atasema 1. Alama ya kutoa inatokea kwa sababu kila kipande kimeshika kitu tofauti. Mwanahisabati Legendre alitumia ∂ mwaka 1786 kisha akaiacha, mwenzake Jacobi akairudisha mwaka 1841; umbo lake limepindwa makusudi ili usiichanganye na d.

Hatua ya 5: Derivativu ya pili

Tafuta kwa x kisha kwa y, halafu kinyume chake. Kwa f yetu, njia zote mbili zinatoa 6x + 2x cos(xy) − x²y sin(xy). Zisipolingana, rudi ukatafute kosa lako kabla ya kuilaumu kanuni kwamba mpangilio haubadilishi jibu. Usawa huo unahitaji derivativu za pili ziwe bila mkatiko. Jaribu xy(x² − y²)/(x² + y²), ukiipa thamani 0 pale (0, 0): kuanzia x utapata −1 mahali hapo, kuanzia y utapata 1.