Ongea naye kabla ya kitanda: kapoti, kukubaliana, na la kufanya mambo yakiharibika

Ninauza dawa katika farmasi moja ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Wanaokuja kununua kapoti, yaani kondomu, bei wanaijua. Kinachowashinda ni maneno ya kumwambia yule wanayemwendea. Kwa hiyo nitaanza na maneno.

Ongea mchana, mkiwa mmevaa. Mnapokula, mnapotembea kwenda kupanda basi, wakati wowote ambao kila mmoja anaweza kuinuka na kwenda zake. Chumbani, taa ikishazimwa, swali lolote linasikika kama tuhuma na mwenye haya atanyamaza. Sema wazi: "Ninakupenda, na bila kapoti silali na mtu. Twende tupime wote wawili." Akikujibu kwamba humwamini, usianze kujitetea. Mwambie tu: "Na mimi nitapima." Akikasirika kwa neno hilo dogo, umeshajua jambo kubwa juu yake, na umelijua mapema.

Halafu sikiliza. Kunyamaza si kukubali. Mtu anayekaza mwili, anayegeukia ukutani, anayesema "fanya unavyotaka" huku macho yako kwingine, huyo hajakubali. Simama, muulize: "Tuache?" Ninawafundisha vijana swali hilo kwa sababu asiyetaka anabaki na neno moja jepesi la kujibu: ndiyo. Aliyekubali jana anaweza kukataa leo. Aliyekubali mkiwa na kapoti hakukubali uivue kwa siri katikati. Aliyelewa hawezi kukubali chochote, mfunike, alale.

Pesa nayo inaharibu kukubaliana. Kwa wanafunzi wa Kasapa, kule chuo kikuu, ninasema hivi: anayekulipia nyumba au minervali, ile ada ya masomo, hajanunua mwili wako, na mwalimu anayeutaka ili atoe pointi anatenda kosa, hata akiongea kwa upole. Na mwenye umri chini ya miaka 18, hata akisema ndiyo, sheria ya ubakaji ya mwaka 2006 haiihesabu ndiyo hiyo.

Wanaoniumiza moyo zaidi ni mama ambao bwana zao wanafanya kazi Kolwezi, mji wa migodi, wanarudi baada ya wiki nyingi. Mama anajua kwamba kule watu hawakai peke yao, lakini akitaja kapoti ataulizwa: "Wewe ulikuwa na nani?" Mama yangu, zungumza naye kwa simu kabla hajapanda gari. Anza na afya ya nyumba: "Papa, ukifika twende kituo cha afya, tupime, tujue tuko namna gani." Kama unachoma sindano ya uzazi ya miezi mitatu, kumbuka inazuia mimba tu, ugonjwa haizuii. Na kama unajua kwamba neno hilo litakuletea kipigo, usilitoe ukiwa peke yako naye usiku. Mtafute kwanza dada yake, mkwe, au muuguzi unayemwamini, na uwe na mahali pa kulala pengine. Ndoa haikuondolei haki ya kukataa. Mali ya ndoa (mahari) waliyopokea wazazi wako haikuiondoa pia.

Sasa kapoti. Soma tarehe kwenye pakiti. Ibonyeze: hewa iwe ndani bado. Iliyokaa wiki nzima kwenye pochi nyuma ya suruali, hasa joto la mwezi wa kumi hapa kwetu, itupe. Pasua kwa vidole, meno yanaitoboa. Iweke uume ukiwa umesimama, kabla haujagusa mwenzako, ubane ncha ili hewa itoke, kisha uikunjue hadi shinani. Ukiwa umeiweka kinyume, usiigeuze, chukua nyingine. Usivae mbili. Mafuta ya mawese, vazelini na losheni vinaidhoofisha ipasuke. Kama pakavu, nunua jeli ya maji. Ukimaliza toka mara moja, uishike shinani, uifunge fundo na kuitupa takani.

Kuhusu kupima: kipimo cha haraka cha VIH, virusi vya ukimwi, kinaweza kuonyesha huna kitu kama uliambukizwa juzi tu. Rudia baada ya miezi mitatu, na mpaka hapo kapoti ziendelee. Pima kaswende pia, maana inatibika na wengi wanaibeba bila dalili. Mwenzako akikwambia ana VIH, muulize kama anameza dawa na kipimo cha wingi wa virusi kimesemaje. Anayemeza vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hicho hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ninalisema mara nyingi kwa sababu nimeona watu wakiachana kwa kutolijua.

Kapoti ikipasuka, au mtu akikulazimisha, muda ndio unaohesabika. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, chenye levonorgestreli, kinafanya kazi vizuri ukikimeza mapema. Usingoje saa 72 zifike, ingawa hata siku ya tano kinaweza kusaidia kidogo. Ukitapika ndani ya saa mbili, umeze kingine. Kama unameza dawa za kifua kikuu au za VIH, mwambie muuzaji, maana baadhi zinapunguza nguvu yake. Hakitoi mimba iliyokwishaingia.

Dawa za kuzuia VIH, zile za PEP, ni jambo jingine na hatuziuzi kaunta. Ziulize hospitalini au kituo cha afya ndani ya saa 72, bora siku ileile, kisha umeze siku 28 bila kuruka hata ukijisikia mzima. Kama ulibakwa, nenda kabla ya kuoga na ubebe nguo ulizovaa. Lakini kama umeshaoga, nenda vilevile. Dawa unapewa kwanza. Mambo ya polisi utayaamua baadaye. Kituo kikisema hakina, waambie wakuandikie ziko wapi. Muuguzi akianza kukuuliza ulivaa nini, omba mwingine akuhudumie, na usiondoke pale mpaka uwe umemeza kidonge cha kwanza au umeelekezwa mahali pa kukipata siku hiyohiyo.