Kabla ya Kufungua Kopo la Orpimenti

Anayejiandaa kurekebisha mchoro au mswada wa kale wenye rangi ya orpimenti, yaani salfaidi ya aseniki (As₂S₃), asitulizwe na habari kwamba karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Madini haya ya manjano ya dhahabu ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha, kwani ugumu wake katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ni kati ya 1.5 na 2, na kwa sababu hiyo humeguka na kutoa vumbi upesi. Vumbi hilo ndilo la kuogopwa, maana misombo isokaboni (isiyo na kaboni) ya aseniki husababisha saratani. Glavu, barakoa ya kuchuja chembe ndogo na kabati la kufyonzea hewa viwe tayari kabla kifuniko hakijaguswa.

Jambo linalopuuzwa mno ni asili ya rangi yenyewe. Iliyochimbwa huhitaji kusagwa tu, lakini ile iliyotengenezwa kwa kuchoma oksidi ya aseniki pamoja na salfa, kisha mvuke wake ukaachwa ugande, mara nyingi hubaki na oksidi hiyo ndani yake, nayo huyeyuka katika maji na ina sumu kali zaidi. Njia nyingine ni kupitisha gesi ya haidrojeni salfaidi katika mmumunyo wa aseniki wenye asidi. Kwa kuwa gesi hiyo nayo huua, sioni sababu ya kuijaribu nje ya maabara iliyokamilika.

Moto usiwe karibu, kwa sababu orpimenti ikiungua hutoa moshi wa oksidi ileile. Hata mwanga, kwa miaka mingi, huibadilisha polepole kuwa oksidi hiyo, na manjano yakafifia. Isichanganywe pia na rangi zenye shaba au risasi, ambazo huweza kuwa nyeusi.

Wamisri wa kale waliithamini, na mfuko wenye orpimenti ulikutwa katika kaburi la mfalme wao Tutankhamun. Siku hizi kioo cha As₂S₃ hutumika katika lenzi za infraredi, yaani miali ya joto isiyoonekana kwa macho.

Meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe, wala isioshwe kwa magadi makali, ambayo huiyeyusha orpimenti, na vitambaa vilivyotumika viwekwe katika chombo kilichofungwa na kuandikwa sumu.