Ukihamia Ibra: kuishi mji mdogo wa jangwani Oman

Aliyepata kazi au ndoa Ibra, Sharqiyah Kaskazini, abadilishe ratiba yake kwanza, mengine yatafuata. Kutoka Muscat ni kama saa mbili kwa gari, na mchanga wenyewe wa jangwa uko mbele zaidi, upande wa Bidiyah. Hospitali ipo, chuo kikuu kipo, maduka ya kutosha yapo. Kelele ndiyo hakuna.

Pilikapilika ni za asubuhi na usiku. Kuanzia saa saba mchana maduka mengi hufungwa mpaka alasiri, kwa hiyo ukitoka saa nane kutafuta fundi utakutana na paka tu. Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu. Hata kama kazi yako ni ya ofisini, ifuate. Sokoni nenda baada ya magharibi, utawakuta watu wote huko na watoto wao. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi.

Kuhusu maji: tangi liko juu ya paa, na kiangazi bomba la baridi hutoa maji ya kuunguza. Wakazi huzima hita ya bafuni, maji yaliyomo yanapoa kwa kukaa ndani ya nyumba, kisha wanaoga kwa kufungua bomba lenye alama nyekundu. Mgeni akielezwa hucheka. Ngoja Juni ifike.

Hakuna daladala wala bodaboda. Teksi ni nyeupe zenye rangi ya chungwa. Patana bei kabla ya kupanda. Ukiweza, tafuta gari. Mvua ikinyesha, hata mbali milimani, usivuke wadi (bonde la mto mkavu) yenye maji: watu hufa humo kila mara, na kuvuka ni kosa la jinai.

Sasa lugha. Familia nyingi za hapa zilifanya biashara na kuishi Zanzibar, na majumba ya kale ya Al Minzfah, mtaa wa zamani wa Ibra, ni matunda ya zama hizo. Wengine walirudi baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine kuanzia 1970. Kwa hiyo yule mzee wa kanzu mbele yako kwenye foleni ya benki huenda Kiswahili chake cha Unguja kikakushinda. Usimsengenye mtu kwa sauti! Mwamkie “sabalkheri, mzee” uone atakavyokuuliza habari za Darajani.

Akikukaribisha kahawa, nenda. Kula tende, pokea kikombe kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kidogo. Usipokitikisa kitajazwa tena, na usiku hulali. Mchana wa Ramadhani usile, usinywe wala usivute sigara hadharani, hata kama si Mwislamu.

Akina dada wana soko lao la Jumatano asubuhi, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake: vitambaa, udi, manukato, nguo za watoto. Kwa mke anayeshinda ndani peke yake, hapo ndipo pa kupata shoga, kuliko kungoja mume amtambulishe kwa wake za wafanyakazi wenzake. Mume atamsubiri nje, garini.