Namna ya Kulinganisha Shule ya Chata na Shule ya Wilaya katika Mitaa ya Kipato cha Chini Marekani

Mtoto anapokaribia darasa la sita, mzazi anayeishi katika mtaa wa kipato cha chini wa mji kama New York au Philadelphia huweza kujikuta akichagua kati ya shule mbili za kati (za darasa la sita hadi la nane): ya kawaida, inayosimamiwa na wilaya ya shule, na ya chata, ambayo nayo ni ya umma na haitozi ada, ila huendeshwa na bodi yake kwa mkataba unaoweza kusitishwa. Utaratibu huo wa chata ulianzia Minnesota kwa sheria ya mwaka 1991.

Tazama kwanza matokeo ya mitihani ya kusoma na hisabati, ambayo sheria ya shirikisho inataka ifanyike kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane katika shule za aina zote mbili. Wastani wa shule, hata hivyo, mara nyingi huonyesha walioingia ni watoto gani kuliko walichofundishwa. Tafuta takwimu za maendeleo, yaani mwanafunzi amesonga mbele kiasi gani tangu mwaka uliotangulia, na uzitafute kwa kundi linalofanana na mwanao, kwa mfano wanaojifunza Kiingereza.

Kisha hesabu vichwa, jambo ambalo vipeperushi vya shule havikusaidii. Chukua idadi ya darasa la sita la mwaka mmoja, ufuatilie kundi hilohilo hadi la nane. Tuseme walianza 100 wakabaki 68, na shule haikupokea wapya: alama zinazosifiwa ni za hao waliobaki. Familia za mitaa hii huhamahama kwa sababu ya kodi ya nyumba, kwa hiyo pungufu hilo peke yake si ushahidi wa kufukuzwa. Fanya hesabu hiyo kwa shule zote mbili, na uulize kama chata hujaza nafasi zinazoachwa wazi katikati ya mwaka.

Usiruhusu jina likuamulie. Utafiti wa serikali ya shirikisho uliotolewa mwaka 2010 ulilinganisha watoto walioshinda na walioshindwa bahati nasibu, yaani kura inayopigwa waombaji wanapozidi nafasi, ya kuingia shule 36 za kati za chata katika majimbo 15. Kwa ujumla alama hazikutofautiana kwa kiwango cha maana, lakini chata zilizohudumia zaidi watoto maskini ziliinua hisabati, na zilizohudumia watoto wa familia zenye uwezo ziliishusha.

Mwisho, zitembelee siku ya masomo. Uliza ni wanafunzi wangapi walisimamishwa masomo mwaka uliopita, na nani humfundisha mtoto mwenye ulemavu. Shule zote mbili zinabanwa na sheria ileile ya kumhudumia, hivyo afisa anayekwambia kwa upole kwamba mwanao “atafaa zaidi kwingine” anakwepa wajibu wake. Mwombe akuandikie maneno hayo.